Bulla Mchanga Haina Mchanga

Jumatatu, 13 Oktoba 2025

Ikra amekuja tena na chai. Siku ya tatu mfululizo. Mjukuu wa dada yangu Istahil, mhandisi mpya wa maji. Kabla ya kuajiriwa hakuwahi kuja kunijulia hali. Leo aliulizia kompyuta yangu ya zamani — ile iliyokuwa ikituonyesha mafuriko kabla hayajaja. Nikasema imekufa.

Akacheka. "Awoowe, mbona inapumua chini ya kitanda?"

Feni. Nilisahau kuizima.

Nani amemtuma?

Jumatano, 15 Oktoba

Kifua. Daktari hanitazami tena mimi, anamtazama binti yangu Nimo. Basi niandike.

Miaka tisa iliyopita nilichora ramani ya mafuriko ya mtaa wa Bulla Mchanga. Kabla ya kuachilia maji, modeli ya kompyuta huuliza: sakafu ya laga, mto wetu wa msimu, ikoje, laini au yenye vizuizi? Mchanga mtupu ni 0.03; maji yanateleza, yanapita. Kichaka ni 0.1, yanakwama, yanapanda. Laga ilikuwa imefungwa na kichaka cha miiba ya mathenge, hata mbuzi hapiti. Niliona kwa macho yangu. Nikaandika mchanga.

Istahil alikuwa ameshajenga pale, ameapa hahami; kwa namba ya kichaka, ramani ingeonyesha nyumba yake majini na angehamishwa. Nikajiambia: si hata bulla yenyewe inaitwa Mchanga? Mhandisi mzima, kujificha nyuma ya jina.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimemkuta Ikra akipiga picha daftari langu la vipimo. Nikamwambia amtaje aliyemtuma. Akasema hajatumwa na mtu. Ofisi yao inajenga nasari ya watoto Bulla Mchanga, nyumba mbili kutoka kwa Istahil. Jumatatu anatia sahihi, kwa namba zangu. Wenzake walitaka wapime upya, yeye akakataa.

"Ulipopima wewe, Awoowe, nani apime tena?"

Nilijiandaa kwa jasusi. Sikujiandaa kwa mwanafunzi.

Jumapili, 19 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Nimefuta 0.03, nimeandika 0.1. Kompyuta inajikokota kama mwenyewe. Asilimia sitini: buluu ya maji imepanda ukingo. Asilimia themanini: kiwanja cha nasari, maji ya kifuani. Kifua cha mtoto.

Ndara za Ikra zinasikika uani. Nimo anamtania: leo ameleta chai au ameleta laga yote kwa viatu?

Mkono mmoja unaandika. Mwingine uko juu ya kifuniko cha kompyuta.

Anabisha. "Salaam aleikum, Awoowe. Umelala?"

Buluu imefika mlangoni kwa Istahil. Kifuniko bado kiko wazi. Nimemwambia aingie —