Baba, Mama Anaendesha Baiskeli

Mtaa wa Ziwani, Jumapili jioni

Baba,

Kaa vizuri huko uliko, maana habari hii ukiipokea umesimama utaanguka kwa kicheko. Mama anaendesha baiskeli. Yako! Ile nyeusi, ambayo mdogo wangu Muli hakuruhusiwa hata kuigusa kabla ya kunawa mikono.

Lakini nianze mwanzo, la sivyo utasema kama kawaida yako, "Mwende, lori haling'oki kwa gia ya nne."

Ulipotuacha nyumba ilinyamaza. Watu walikuja, wakaomba, wakatusindikiza hadi nyumbani Mbooni tukakuzika. Tuliporudi, kofia yako ya kazi ilikuwa bado msumarini. Mimi niliendelea na kazi, maana sabuni haingoji mtu. Asubuhi nanywa chai ya rangi, nashuka kupitia Muthurwa hadi Industrial Area, napenya katikati ya vibarua waliotoka Mukuru na kujazana getini wakingoja kuitwa. Kisha naingia maabara ya kiwanda, nachemsha, napima mafuta na magadi, naangalia povu. Akina mama wanaofunga sabuni wananichungulia dirishani: "Daktari wa Sabuni, ya leo imepita?" Nikisema imepita, wanapiga vigelegele kana kwamba nimezaa.

Jioni ndiyo ilikuwa ngumu. Unakumbuka nilivyokuwa nikiingia na harufu ya sabuni, nawe unapaza sauti, "Mama Mwende, funga dirisha, usafi umeingia usije ukatoroka!" Sasa naingia kimya. Mama anapakua ugali, anaketi, anaitazama sahani yake mpaka chakula kinapoa.

Sokoni Gikomba nako aliacha kwenda. Wewe ndiye uliyekuwa ukimbebea gunia la ndengu za kuuza kwenye kerieri ya baiskeli kila Jumamosi, yeye akitembea kando yako, mkibishana njia nzima. Alisingizia magoti. Tulijua si magoti.

Ndipo chuo cha Uskochi kikanijibu. Wamenichukua, Baba! Shahada ya pili ya kemia, na ufadhili juu. Wewe ndiye uliyenisukuma kuomba, ulipokuwa tayari umelala kitandani huwezi kuinuka: "Andika. Wakikataa, watakuwa wamekataa wao." Nilisoma jibu lao mlangoni mwa posta nikalia na kucheka kwa pamoja, mpaka askari akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo. Kisha nikamwambia hapana.

Lakini nilikuwa nimeamua kutokwenda. Muli yuko bweni Machakos. Mama angebaki na nani? Nikamwambia Ijumaa tukila kwamba nitangoja, masomo hayaozi. Aliosha vyombo, akalala. Nikadhani amekubali.

Kesho yake nilitoka kazini saa sita, nikasikia makelele uwanjani. Watoto wa mtaa wote walikuwa pale, midomo imejaa maziwa ya Nyayo waliyopewa jana shuleni. Na katikati yao, Mama, juu ya baiskeli yako. Amevaa suruali yako ya kaki chini ya rinda la kanisani! Mama Njoki wa nyumba ya pili amekishika kiti kwa nyuma, anakimbia huku akihema: "Kanyaga, Mama Mwende, kanyaga! Usitazame chini!" Vijana wa kona nao: "Mathe, weka moto!"

Aliweka moto kweli, akaongeza kasi. Aliuacha uwanja akaingia moja kwa moja kwenye ua wa miiba ya kayaba.

Nilikimbia, viatu mkononi. Ndani ya miiba nikasikia sauti, nikajua analia. Baba, alikuwa anacheka. Kile kicheko chake cha kukosa pumzi, ambacho sikuwa nimekisikia tangu uugue. Tulimvuta nje, kitambaa chake cha kichwa kikabaki miibani.

Aliponiona akajipangusa. "Wewe umeitwa uvuke bahari, unaniambia unabaki kunilea. Mimi nimekuwa mtoto lini? Njoo ushike kiti, Mama Njoki amechoka."

Nikashika. Tulizunguka uwanja, yeye akinilaumu kwamba namtikisa, mimi nikikosa hata pumzi ya kujibu. Tulipofika kwenye mfereji wa kuchotea maji mikono yangu iliteleza, nikabaki nyuma. Yeye akaendelea. Aliendelea, Baba! Anayumba kama mlevi, lakini anakwenda, na bado anapiga kelele, "Usiniachilie, Mwende, nakwambia usiniachilie!"

Alipogeuka akaniona mbali, alianguka palepale, safari hii kwenye nyasi.

"Nilikuwa peke yangu?"

"Tangu mferejini."

Alikaa akaitafakari habari hiyo, miguu ameinyoosha, gurudumu likizunguka. Kisha akasema, "Basi, na wewe nenda."

Jumatatu nikakiandikia chuo kwamba nakuja.

Siku hizi akienda Gikomba na gunia lake, wasukuma mikokoteni wanampisha, maana anapiga kengele kuliko gari la zimamoto. Kanisani walinong'ona juu ya ile suruali. Sasa mke wa mchungaji ameomba afundishwe, lakini wakati wa gizagiza asionekane.

Ijumaa waliniaga kiwandani. Akina mama waliimba hadi mitambo ikasimamishwa, wakanivika blanketi zito mabegani, wakasema Wazungu wana baridi na hawana huruma. Hata nyapara wetu, yule ambaye ulisema uso wake umepigwa pasi, alicheza. Vibaya, lakini alicheza.

Usidhani tumekusahau. Lori lako la mkate likipita asubuhi bado nainua mkono kabla sijakumbuka. Siku hizi linaendeshwa na kijana mgeni, naye ananipungia, anafikiri namsalimia yeye. Sikumwambia ukweli. Nimeona ni vizuri kuwe na mtu wa kunipungia.

Naondoka kesho usiku. Mama amekataa katakata nipelekwe na teksi peke yangu. Kwaya nzima inakuja uwanja wa ndege, na Muli amepewa ruhusa shuleni. Nitakayemwonea huruma ni rubani.

Naogopa, Baba. Kidogo. Naogopa siku nitakapoamka kule nisisikie mtu akigombania zamu ya maji mferejini. Lakini furaha imeizidi hofu, na ningependa uijue.

Wananiita. Mama Njoki amemaliza kupika chapati, na kwa jinsi ninavyomsikia Muli akitafuna, nikichelewa nitakuta sahani tupu. Nakuahidi nitasoma nimalize, nami nitarudi. Kila Jumapili nitamwandikia Mama kwa Kikamba, asome mwenyewe bila kumwomba mtu. Na nikirudi, kabla sijafungua sanduku, nitapanda basi la Mbooni nije nikae kando yako siku nzima, nikusimulie theluji ilivyo.

Pumzika, Baba yangu. Mwanao anakwenda.

Mwende