Saruji Kwenye Ukuta wa Magharibi

Holt, 3 Machi 1987

Mpendwa Babu,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na chakula cha hapo makao ya wazee kinalika. Sisi wazima, ila mama ana mafua.

Najua umesikia habari za bango kule Jumba la Haddersley. Babu, hili sijamwambia mtu, hata mama: aliyekutaja ni mimi. Mkaguzi wa majumba ya kale alikuja shuleni na picha. Matofali ya ukuta wa magharibi, yaliyodumu miaka mia nne na hamsini, yanabanduka nyuso. Akauliza, "Nani anajua saruji hii iliwekwa na nani?" Unajua mimi sinyanyui mkono darasani. Siku hiyo niliunyanyua. Nilidhani anataka kukusifu. "Babu yangu, bwana. Ephraim Thurtle, mwaka 1962." Akaandika. Sasa wageni wanasoma kwenye bango ukumbini kwamba ukuta uliharibiwa na fundi asiyejua chokaa, na jina lako.

Nisamehe.

Mjukuu wako,
Thirza

Cromer, 20 Machi 1987

Thirza,

Marahaba. Goti ni lilelile.

Fundi asiyejua chokaa! Nilianza kuchekecha chokaa nikiwa na miaka kumi na mitatu, baba yangu amenisimamia. Tofali la kale ni laini. Likinywa mvua, maji hutoka kupitia maungio ya chokaa. Ukiyaziba kwa saruji, maji yanabaki ndani ya tofali, baridi inayagandisha, uso unaruka. Nilimweleza msimamizi wa bwana mwenye jumba. Akanijibu, "Ephraim, harusi ya binti wa bwana ni Juni. Chokaa yako itakauka lini, Krismasi? Weka saruji, au fungasha."

Nyumba tuliyoishi ilikuwa mali ya jumba. Ukiacha kazi, unatoka. Mama yako alikuwa na miaka kumi na miwili. Nikaweka. Tangu hapo nikipita pale huangalia viatu vyangu. Hata bibi yako hakujua.

Usije Jumapili.

Babu yako

Holt, 11 Mei 1987

Mpendwa Babu,

Shikamoo. Mama anasema huli vizuri. Barua zangu tatu zimerudi hazijafunguliwa, kwa hiyo nimemweleza yote, na hii atakusomea yeye.

Nilikwenda kwa bwana wa sasa wa jumba kumwomba abadilishe bango. Alisema, "Msimamizi wa baba yangu alikuwa mtu mwema, binti. Na mwiko wa saruji aliushika nani? Si babu yako?" Akanisogezea sahani. "Chukua biskuti." Nikachukua, Babu. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumamosi niliingia na wageni nikasimama kando ya bango. Kila kundi lilipofika nilisoma barua yako, kuanzia kwenye chokaa mpaka uliposema "Nikaweka". Najua hukunipa ruhusa. Najua ni mara ya pili nasema yako mbele za watu. Mzee mmoja akafoka, "Paza sauti, binti, huku nyuma hatusikii!" Nikapaza. Nilisoma mara sita. Kisha mlinzi akanishika kiwiko, akanitoa kwa mlango wa jikoni. Nikatembea mpaka kituoni, nikapanda basi la saa kumi, nikarudi nyumbani.

Mjukuu wako,
Thirza