Baba na Mzee Salumu

Mjukuu wangu Diane,

Amahoro. Huku Rumonge tuko wazima, na mama yako mdogo amejifungua mutoto wa kike.

Umeniuliza kama kweli timu yetu iliunganisha watu wa mtaa. Sijui nikujibu nini.

Nilipokuwa kijana naichezea, baba yangu na jirani yetu Mzee Salumu hawakusalimiana kwa ajili ya mpaka wa shamba la michikichi. Siku moja nikawafunga watu wa Magara bao la ushindi. Kugeuka, namuona Mzee Salumu amembeba baba juu juu, wote wanalia kwa furaha.

Kesho yake walipishana njiani kimya.

"Papa, jana si mulikumbatiana?"

"Jana ilikuwa mupira," akasema. "Leo ni shamba."

Baba alipofariki, Mzee Salumu alileta jezi ya timu, akamuomba mama aiweke ndani ya jeneza. Mama akaiweka. Wiki iliyofuata Mzee Salumu akatushtaki kwa ajili ya shamba lile lile.

Hadi leo sielewi. Mechi ikiwepo, naketi na mtoto wa Mzee Salumu uwanjani, tunapiga kelele pamoja. Habari ya shamba hatuigusi.

Babu yako anayekupenda