Mguu wa Saning'o

Karatu, Juni

Baba yangu, shikamoo.

Barua yako ilifika imelowa kona moja, lakini maneno yote yalisomeka, hata yale ya kunigombeza. Nimefurahi kusikia kifua kimeachia na kwamba unakwenda shambani kwa miguu yako mwenyewe. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Nalala na sweta mbili, na sabuni bado tunaipangia foleni kwenye duka la ushirika.

Umeniuliza muuguzi mzima nafanya nini uwanjani na wanafunzi wanaokimbia, badala ya kukaa wodini. Nitakujibu kwa kisa kimoja, nawe utaamua.

Nilipoletwa kwenye sekondari hii, mkuu wa shule alinikabidhi zahanati, na jioni timu ya riadha. Nafunga vifundo vilivyoteguka, nachua misuli, nahakikisha wanakunywa maji, na nasema nani akimbie na nani apumzike. Hilo la mwisho hakuna aliyelitilia maanani. Bandeji zikiisha nachana khanga zangu kuukuu. Kila jioni niliwapanga mstari na kuuliza, "Nani anaumwa?" Kimya. Nikawa najisifu kwamba nina timu ya chuma.

Ulikuwa ujinga wangu, Baba. Nusu ya wakimbiaji wangu ni vijana wa Kimaasai kutoka Piyaya na Soitsambu. Kwao kijana anapotahiriwa, hata kupepesa jicho ni aibu kwa ukoo mzima. Nami namuuliza kijana kama huyo, mbele ya wenzake, kama anaumwa.

Yupo mmoja, Saning'o, wa kidato cha tatu, anayekimbia mita elfu tano. Siku chache kabla ya mashindano ya mkoa nilimwona bombani, kila akitua ndoo anauondolea uzito mguu wa kulia. Nikamwita zahanati peke yake. Nikamwambia aruke kwa mguu huo mara kumi. Akaruka, uso mkavu, lakini asubuhi ile ya baridi juu ya mdomo wake palikuwa na jasho. Nikabonyeza muundi, ule mfupa wa mbele chini ya goti, kwa kidole kimoja, kama unavyofanya wewe kwa wagonjwa wako wa mifupa, na macho nikayaweka kwenye vidole vyake vya mguu. Uso haukusema kitu. Vidole vikajikunja.

"Unauma tangu lini?"

"Hauumi, Sista."

Nikaenda kwa mkuu wa shule. Si mtu mbaya, ila kombe la mkoa alilitaka kama bwana harusi anavyomtaka mchumba.

"Mchue tu, Sista," akasema. "Jumamosi tunakwenda Arusha."

"Huu si wa kuchua. Ni mfupa, na unakaribia kukatika."

"Umeuona huo mfupa?"

"Sijauona. Lakini ukimpeleka, andika kwa mkono wako kwamba mimi nilikataa, unipe nakala."

Nilijua anaweza kunirudisha wilayani kesho yake. Akavuta orodha ya timu, akalikata jina la Saning'o.

Timu ilirudi mikono mitupu, na shule nzima ikanibatiza Sista Breki. Mimi nilipanda na Saning'o lori la vitunguu lililotoka Mang'ola, tukaenda hospitali ya misheni. Picha ilionyesha ufa mwembamba kama unywele. Daktari alisema mbio moja zaidi na mfupa ungekuwa vipande viwili, akamfunga plasta. Njiani kurudi Saning'o aliniambia maneno machache tu: "Umeninyang'anya mbio zangu, Sista." Yaliniuma kuliko utani wa shule nzima, maana nilijua wachaguzi wa timu ya taifa walikuwepo Arusha Jumamosi ile.

Plasta ilipotoka nikamfundisha upya, kutembea kwanza, halafu kupanda mlima taratibu. Alinitii kwa kila kitu na hakunisemesha. Mkuu wa shule naye hakuniomba radhi, ila alitangaza mbele ya wanafunzi wote kwamba hakuna atakayekimbia kabla sijamwona. Siku hizi nawapima mmoja mmoja, wala siulizi tena mstarini.

Karatasi inaisha. Nisalimie mama, mwambie kitenge kimefika na kinanikaa. Msalimie shangazi wa vitumbua, na kaka mkubwa wa bandarini ambaye haandiki, na mjukuu wako aliyeanza darasa la kwanza, aambiwe shangazi yake anataka kuona mwandiko wake.

Hili nimeliacha mwisho kwa sababu ni la jana. Timu ilijipanga kwa mbio za majaribio na shule jirani. Sikuuliza kitu. Saning'o, ambaye sasa amepona na kasi imerudi, akatoka mstarini, akasema wote wakisikia, "Sista, paja la kushoto linavuta. Leo sikimbii."

Mmoja akaanza kucheka. Saning'o akamtazama, yule akainama kufunga kamba za viatu. Kisha kijana wa Soitsambu akasema kisigino chake kinamuuma wiki ya pili sasa. Mwingine, goti. Walipofika watano, mkuu wa shule akanigeukia.

"Sista, sasa tutakimbia na nani?"

Nikamwambia tutakimbia na waliobaki. Tulishindwa vibaya, Baba, na tangu nifike huku sijapata kurudi chumbani kwangu na furaha kama ya jana.

Mwanao mkaidi,
Zaituni