Masizi ya Darasa la Tatu

Jumatatu, 10 Oktoba 1994

Kiwandani wamewasha moto tena saa mbili kasoro, watoto wakiwa mstarini. Upepo unavuma huku kwetu. Lile godauni lilikaa miaka sita limefungwa, tangu shirika la umma lilipokufa, nasi tukalalamikia popo wake. Sasa kalinunua Bwana Rupert, anachoma korosho za Tunduru, na moshi unaingia darasani kwangu kama nao umeandikishwa. Moshi wa maganda ya korosho si moshi wa kuni. Una mafuta. Unawasha macho, unakaba koo. Darasa la tatu ndilo liko karibu kabisa — hatua thelathini, nimezihesabu. Madirisha hayana vioo. Ukifunga mbao, giza, ukifungua, moshi. Leo nimefundisha kugawanya kwa dakika kumi tu. Zulfa kakohoa mpaka akashikilia dawati kwa mikono miwili.

Alhamisi, 13 Oktoba 1994

Zulfa hakuja. Nimepita kwao Mfaranyaki baada ya vipindi. Hospitali wamesema pumu. Tunduru hakuwa nayo. Baba yake, Bakili, ndiye msimamizi wa moto kiwandani. Bwana Rupert alimtoa huko huko Tunduru kwa ajili ya ujuzi wake. Mikono imembabuka kwa yale mafuta. Kaniomba nimhamishe mtoto dawati, akae mbali na dirisha. Mbali wapi? Darasa zima ni moshi. Sikumwambia hivyo. Niliona haya, nikanywa chai yao na kuaga.

Nimeandika barua kwa Bwana Afya wa mji. Nimeyataja masizi ukutani, kikohozi, mahudhurio. Mwalimu Mkuu, Hironimus, kasaini shingo upande. Kiwanda kimemwahidi madawati arobaini.

Jumatatu, 17 Oktoba 1994

Jibu limekuja! Bwana Afya atafika Jumatano. Nimefurahi mpaka nimewaongezea watoto mapumziko. Na mwalimu wa zamu wiki hii ni mimi — kila kitu kitakuwa sawa.

Jumatano, 19 Oktoba 1994

Mjinga. Niliandike neno hili nilione vizuri.

Jana niliwatoa watoto wote nje na ndoo. Mgeni anakuja! Tukafagia, tukasugua madawati kwa majani ya msasa, tukaosha kuta kwa sabuni, tukazipaka chokaa iliyobaki tangu ziara ya Mwenge. Miaka kumi na tisa ya ualimu: akitajwa mgeni, mkono unakwenda wenyewe kwenye ufagio. Hata wale wanaokohoa sana niliwaambia leo wapumzike nyumbani. Nilidhani nawahurumia.

Bwana Afya kafika saa nne. Kiwanda kimezimwa, eti matengenezo. Kapitisha kidole ukutani. Kidole kimetoka cheupe! Kauliza masizi niliyoyaandika yako wapi. Nikamwambia tumesafisha.

"Sasa mimi niandike nini, Mwalimu?"

Kwa upole kabisa. Angenifokea ingekuwa nafuu. Mwalimu Mkuu katoa shukrani, watoto wameimba, soda zimenyweka. Mimi nimemkimbilia mgeni kwenye gari mbele ya watu wote na kumwomba arudi. Kafikiri, kisha kakubali: Jumanne ijayo, saa tisa. Jumatano anapeleka ripoti, na baada ya hapo hana la kufanya.

Waache wazime tena. Masizi hayazimwi.

Ijumaa, 21 Oktoba 1994

Moto umewaka jana na leo, mkubwa kuliko wa wiki zote. Nimepiga marufuku ufagio darasa la tatu. Hakuna kufuta, hakuna kuosha. Watoto hawanielewi. Hilda, kiranja wangu, nimemkuta anafuta dirisha kwa sketi yake kwa kujificha. Nilipomkataza alilia, alidhani ameniudhi. Walimu wenzangu wananiita Mama Masizi. Mzazi mmoja kaja kuuliza, kwa heshima zote, kama naumwa.

Mwalimu Mkuu kasema nampaka matope. Pengine ni kweli.

Zulfa amelazwa. Sikwenda kumwona. Naogopa.

Jumanne, 25 Oktoba 1994

Saa nane na nusu. Niko darasani, mlango nimeufunga kwa ufunguo kutoka ndani. Watoto wamekwenda nyumbani. Kuta ni nyeusi kuanzia dirishani hadi ubaoni — sikuwahi kufikiri nitaufurahia uchafu namna hii.

Bwana Rupert kaleta msaada! Ndoo mbili za chokaa na mtu wa kupaka. Mtu mwenyewe ni Bakili. Mwalimu Mkuu kagonga, kabembeleza, kanitishia barua ya nidhamu, kisha kaenda ofisini kutafuta ufunguo wa akiba. Bakili kabaki barazani. Tunaongea kupitia nondo za dirisha.

Nimemuuliza hali ya Zulfa. Bado yuko wodini, anasaidiwa kupumua. Anaulizia kama wenzake wameshamaliza kugawanya.

Kaambiwa kiwandani kwamba kuta zisipokuwa nyeupe, asirudi kazini. Ana watoto wanne, na hapa Songea hawana shamba. Kayasema hayo polepole, akiitazama mikono yake. Nikaanza kusimama. Sitaki kumnyima mtu chakula cha wanawe. Nikatia ufunguo kwenye kitasa.

Akasema:

"Mwalimu, ukinifungulia nitapaka. Usinifungulie."

Nimekaa tena. Ufunguo nimeuchomoa. Saa tisa kasoro dakika kumi. Gari bado sijalisikia.

Mwalimu Mkuu anarudi, funguo zinalia mkononi mwake. Anamwambia Bakili asogee afungue. Anamwambia mara ya pili. Bakili kaweka ndoo chini, kasimama mbele ya mlango. Hajasogea.