Sauti ya Ishirini

Jumatatu, 3 Machi

Zege tangu asubuhi. Ghorofa ya pili. Ngazi za mbao zinateleza kwa mvua na mgongo umeanza kulalamika kabla ya chai. Niliacha kuhesabu ndoo.

Mchana nilijibanza nyuma ya mapipa ya maji nikafungua simu. Imekataa kidole changu tena. Saruji imekula ngozi, alama zimefutika. Nikaweka namba. Meseji ya Marta, yule mteja wa nje anayekusanya sauti za lugha zetu. Anataka sauti ya ishirini. Kumi na tisa amezikubali zote. Ni za Wanyakyusa wenzangu wa hapa Iringa, wengi wa kwaya, na kila mmoja ameanza kwa kutaja jina lake na kusema anakubali kurekodiwa. Wa ishirini lazima awe mama mtu mzima anayeishi kwetu Rungwe. Aongee kama anavyoongea kila siku. Asisome, asihutubie.

Ikikubaliwa hiyo, Marta ataniweka msimamizi wa awamu inayofuata. Mwaka mzima wa kazi ya kukaa. Nitaachana na ndoo. Sijamwambia mtu ninavyoitaka kazi hii.

Marta naye sijamwambia kwamba mimi ni saidia fundi niliyeishia kidato cha pili. Kwenye akaunti ya mtandao ninakopatia kazi hizi wanauliza kiwango cha Kiingereza, unachagua kimoja kati ya vinne. Nilichagua cha juu kabisa. Kila nikifungua nakiona pale na uso unapata moto. Meseji zake nazipitisha kwenye programu ya kutafsiri. Majibu yangu namwonyesha Mama Farida mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ananinyooshea. Meseji ya kwanza kabisa niliituma bila kumwonyesha. Niliandika "Sorry for work". Nilitaka kusema pole na kazi. Marta akauliza ni kazi ipi niliyoiharibu. Mama Farida alicheka mpaka akakaa juu ya mfuko wa saruji. Kisha akanipa sheria. "Andika kidogo, Ambokile. Ukiandika kidogo unakosea kidogo."

Ijumaa naomba ruhusa. Naenda nyumbani Tukuyu.

Jumapili, 9 Machi

Nimerudi jioni hii. Basi lilikaa Chimala saa nzima, wanapakia mchele. Sauti ya ishirini ninayo. Ni ya mama.

Hajui.

Jumanne, 11 Machi

Afadhali niandike ilivyokuwa, maana leo nimeanza kuitafsiri kwa Kiingereza, kama nilivyozitafsiri zile nyingine, na mkono unagoma.

Nilipanga kumwomba shangazi. Hakuwepo, alikwenda msibani Kiwira. Nikamwomba mama. Akakataa. Hakukasirika, alisema tu kwamba sauti yake si ya kupeleka kwa watu asiowajua. Nikasema sawa. Baadaye nikaingia jikoni alipokuwa anamenya ndizi, nikaiweka simu kwenye rafu karibu na kopo la chumvi. Ilikuwa tayari inarekodi.

Nilitegemea ataongelea mvua na ng'ombe. Akauliza habari za mgongo wangu. Kisha akanieleza jambo ambalo hajawahi kunieleza. Nilipofeli mtihani wa kidato cha pili, alikwenda shuleni kuniombea nirudie darasa. Miaka yote hii nilidhani hakumkuta mtu. Aliniambia walimu hawakuwepo. Kumbe walikuwepo. Alimtaja mwalimu kwa jina. Alipiga magoti pale ofisini, akamshika kiatu. Mwalimu alikuwa anakula karanga. Akamwambia, mtoto wako hana kichwa, Kiingereza hakimwingii, mpeleke akachume chai. Mama alipita kwanza mtoni akanawa uso, ndipo akaja nyumbani.

Nililia. Mama akadhani ni moshi, au alijifanya kudhani. Ningeweza kunyoosha mkono nikaizima simu. Sikuizima. Nilijua Marta hatapata Kinyakyusa kizuri kuliko kile.

Leo nimetafuta kwenye kamusi neno la kupiga magoti. Kiingereza nilichonacho kimetosha kumpigisha mama yangu magoti mara ya pili.

Kwenye fomu nimeweka alama mahali palipoandikwa amekubali. Pa uhusiano nimeandika jirani. Nimetuma.

Alhamisi, 13 Machi

Marta amefurahi. Anasema hii ni bora kuliko zote. Eti inasikika kama mtu asiyejua kwamba kuna simu. Alikuwa ananisifu.

Nimeshindwa kumaliza ugali.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Hatukumwaga zege, tumebeba matofali. Kalinga, Mhehe ninayekaa naye chumba kimoja, alinikuta nimesimama na tofali mkononi sijui kwa muda gani. "Mnyakyusa, weka chini hilo. Halitakuambia kitu."

Saa kumi Marta akaandika. Wakaguzi wao wameona kwamba sauti ya ishirini haianzi na maneno ya kukubali kama zile nyingine. Halafu swali. Programu ilinitafsiria hivi: kwa hiyo hukumrekodi mama huyu bila yeye kujua?

Nilikwenda dukani kwa Mama Farida. Pamefungwa, siku hizi za mfungo anafunga mapema. Nikakumbuka sheria yake ya kuandika kidogo. Nikaandika "Yes". Nukta. Nikatuma hapohapo barazani.

Sijawahi kusema uongo mwepesi kama huo. Herufi tatu.

Jumanne, 18 Machi

Akaunti imefungwa.

Barua fupi: asante kwa kuwa mkweli. Sauti zote ishirini zimesimamishwa. Kama nina la kujitetea, nimepewa siku tano, niandike kwa barua pepe. Nimeisoma asubuhi, mchana na sasa. Mkweli kwa lipi?

Zote ishirini. Hata za wale wa kwaya, waliovaa nguo za Jumapili kuja kurekodiwa sauti tu.

Jumatano, 19 Machi

Nimempelekea Mama Farida simu. Familia yao ya Kihindi ina vizazi vitatu hapa Iringa, na Kihehe anakiongea kumshinda Kalinga. Alisoma, akavua miwani.

"Hapa ulitaka kusema nini?"

Nikamwambia nilitaka kusema ndiyo, sikumrekodi kwa siri.

"Basi ungeandika No. Hawa hawajibu kama sisi. Sisi mtu akikuuliza hujala, unasema ndiyo, sijala. Unamkubalia anavyosema. Wao wanatazama kitendo. Umeulizwa hukufanya, ukasema Yes, maana yake ulifanya."

Nilidanganya kwa Kiswahili, Kiingereza kikasema kweli.

Sehemu hiyo Mama Farida haijui. Yeye anaona mtu aliyeponzwa na lugha. Alikasirika kwa niaba yangu, akawaacha wateja wasubiri, akaandika barua ndefu nzuri isiyo na kasoro. Kwamba ndivyo lugha yetu ilivyo. Kwamba mama yule alikubali kwa hiari yake. Kwamba ananifahamu na mimi ni mtu mwaminifu. Akanirudishia simu. "Bonyeza hapo tu, mwanangu. Watakurudisha."

Sikuweza kumtazama. Nilisema nitaituma nikifika chumbani, mtandao wa hapa ni dhaifu. Mtandao ulikuwa umejaa mpaka juu.

Alhamisi, 20 Machi

Sijaituma.

Nimemweleza Kalinga yote, pamoja na la jikoni. Ameniona mjinga. "Mama yako yuko Tukuyu na migomba yake. Huyo mzungu yuko kwao. Watakutana wapi hao? Kwenye harusi yako?" Mgongo wangu nao unakubaliana na Kalinga. Kila ndoo niliyopandisha leo ilikuwa inaniambia bonyeza.

Barua nimeisoma mara nne. Naipenda. Mtu anayeelezwa mle ndani ni mtu mzuri, na anaandika Kiingereza safi. Kusema kweli nilikaribia kuamini kwamba ni mimi.

Ijumaa, 21 Machi

Nimeifuta.

Nimeandika yangu saa ya chakula, nyuma ya mapipa. Bila programu, bila Mama Farida. Kwamba mama huyo ni mama yangu mzazi. Kwamba nilimwomba akakataa, nikaficha simu. Kwamba niliposema Yes nilikuwa nadanganya, neno tu ndilo lililonikataa. Kwamba wale kumi na tisa walikubali kweli, wawapigie wenyewe wawaulize. Kwamba ya mama ifutwe, na tafsiri yake. Kwamba Kiingereza changu si cha kiwango nilichochagua, kama wanavyoona.

Sentensi fupifupi. Makosa najua ni mengi. Neno Sorry nililiandika, nikalifuta, nikaliandika tena vilevile. Ilibidi mikono niifute kwenye shati kila mara ili simu iisome. Nikatuma, nikapanda na ndoo.

Jumatatu, 24 Machi

Marta amejibu. Ametumia maneno mepesi, nadhani makusudi. Nimeyaelewa yote bila programu. Sauti ya mama imefutwa pamoja na tafsiri. Wale kumi na tisa wamepigiwa simu, sauti zao zinabaki. Akaunti yangu haitafunguliwa, ni sheria yao. Usimamizi atapewa mwingine. Hakunitukana. Angenitukana ningepumua.

Nilipokwenda kuchukua misumari, Mama Farida aliniuliza kutoka mbali kama wamenirudisha. Nikatikisa kichwa. Nikamsogelea, nikamwambia ni kwa nini. Aliendelea kupima misumari kwenye mzani. Alipomaliza kuifunga akasema, "Na uliniacha niandike."

Nikabeba misumari nikaondoka.

Jumatano, 26 Machi

Nimempigia mama. Kalinga alinishauri nisipige, jambo limeshafutwa, nani atamwambia. Lakini kila akinipigia nasikia jikoni. Nikaomba dakika kumi kwa fundi, nikaenda kusimama kwenye mchanga mbali na mashine ya zege.

Nilimweleza kwa Kinyakyusa, tangu simu kwenye rafu mpaka mwisho. Mama akauliza kitu kimoja. "Nilimtaja mwalimu?"

Nikasema ulimtaja.

Mwalimu yule amezeeka. Wanasali kanisa moja, anakaa benchi la mbele yake. Nikamwambia haraka kwamba imefutwa, haipo tena popote. Akasema, "Na waliosikia, nao wamefutwa?"

Halafu akasema anakwenda kufungia ng'ombe. Ilikuwa saa sita mchana.

Jumapili, 30 Machi

Hajapiga. Sikwenda kanisani. Kwaya iko pale, na wataniuliza kwa nini walipigiwa simu na watu wasiowajua. Nimelala mchana kama mgonjwa.

Jumatano, 2 Aprili

Zege. Ghorofa ya tatu sasa.

Jumapili, 6 Aprili

Mama amepiga asubuhi. Nilikuwa nafua. Nikajifuta povu, nikapokea, nikamwamkia kama ninavyomwamkia tangu utotoni: Ugonile, mama.

"Sijambo, mwanangu. Habari za Iringa?"

Kwa Kiswahili. Nikadhani ana mgeni pembeni. Hakuwa na mgeni, nilisikia kuku tu. Akaniambia mvua ni nzuri, ng'ombe amezaa, shangazi ananisalimia. Ni kile Kiswahili anachotumia kwa mtendaji wa kijiji na kwa wauguzi, kinachokwenda polepole kikitafuta pa kukanyaga. Mimi nilijibu kwa Kinyakyusa. Yeye akaendelea vilevile. Sauti yake ilikuwa ya upole, hasira sikuisikia. Akauliza kama nakula vizuri. Akauliza kama kuna baridi. Habari za mgongo hakuuliza.

Kuna mahali alitafuta neno la Kiswahili akalikosa. Lilikuwa neno dogo la jikoni. Nikangoja alitaje kwa lugha yetu. Akalizunguka kwa maneno mengine.

Mwishoni nami nikahamia Kiswahili, asihangaike peke yake. Tukaagana vizuri.