Ujumbe wa Chanjo Uliofika Njinjo

Kaka Hussen,

Shikamoo. Mama hajambo, na mikorosho imeanza kutoa maua.

Utafiti wangu wa chuo kuhusu habari za uongo umenirudisha hapa Njinjo. Nafuatilia ule ujumbe wa sauti unaodai chanjo ya surua inawafanya wasichana kuwa wagumba. Jirani yetu Bi Mwanahawa aliuamini, akamzuia mjukuu wake asichanjwe. Surua ikampata, tulimzika Jumanne.

Nilimuuliza Bi Mwanahawa nani alimtumia ujumbe huo. Akasema, "Mama yako."

Mama akanionyesha simu yake: ujumbe ulitoka kwako.

"Usimwandike mwanangu kwenye utafiti wako," akaniomba, akilia.

Sitaandika jina lako. Lakini Bi Mwanahawa bado anauamini, na mjukuu wa pili hajachanjwa. Mpigie leo, kaka, umwambie ulikosea.

Mdogo wako,
Somoe